Pasaka ya mapema na kazi za parokia zinazotungoja

Pasaka ya mwaka 2027 itaadhimishwa tarehe 28 Machi, na kwa yeyote anayehusika kupanga ratiba ya parokia, tarehe hiyo moja inaamua karibu kila kitu kitakachofanyika kuanzia Oktoba hii. Jumatano ya Majivu itakuwa tarehe 10 Februari, yaani mwezi mmoja kamili baada ya Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, itakayoangukia tarehe 10 Januari. Tutafunga kipindi cha Noeli, tutavuta pumzi kwa Dominika (Jumapili) nne tu za Kipindi cha Kawaida, kisha tutaingia Kwaresima. Parokia nyingi hukitegemea kipindi hicho cha katikati kumalizia viporo vyote vya mwaka: semina za wanandoa, uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mafungo ya makatekista, mkutano mkuu wa waamini. Safari hii nafasi hiyo ipo kwa jina tu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya liturujia katika parokia yetu, na haya ninayoandika ni maoni yangu, si matangazo ya ofisi ya paroko. Msimamo wangu ni mmoja, nao nimeurudia kamatini hadi wenzangu wameuzoea: ratiba ya parokia ipangwe kwa kurudi nyuma kutoka Mkesha wa Pasaka, na jambo lolote lisilo na mtu wa kulisimamia liondolewe kabla halijaandikwa. Tuna mazoea ya kupanga kwa kwenda mbele, tukianza na mwezi ulio karibu na kujaza kila Jumamosi iliyo wazi, na matokeo yake tunafika Juma Kuu tukiwa hoi, kwaya imepoteza sauti, masista na makatekista wamechoka, na adhimisho lililo kiini cha mwaka wote linaandaliwa kwa siku mbili.

Tuanze basi na usiku huo wenyewe. Mkesha utaadhimishwa usiku wa Jumamosi tarehe 27 Machi, na Kanisa linaagiza wazi kwamba usianze kabla giza halijaingia na umalizike kabla ya mapambazuko ya Dominika. Agizo hilo husahaulika kwa urahisi pale watu wanapotaka kuwahi nyumbani. Kuna moto wa kubarikiwa nje, kuna mshumaa wa Pasaka, kuna Mbiu ya Pasaka inayohitaji mwimbaji aliyeizoea kwa wiki kadhaa, na kuna masomo saba ya Agano la Kale kabla ya Waraka na Injili. Masomo hayo yanaweza kupunguzwa kwa sababu za kichungaji, lakini yasipungue matatu, na lile la Kitabu cha Kutoka, la wana wa Israeli kuvuka bahari, haliachwi kamwe. Ningependa safari hii tuyasome yote saba. Najua watakaopinga, na najua hoja yao ni watoto na usafiri wa usiku, nami siidharau. Lakini wasomaji saba wanaoandaliwa kuanzia Januari watasoma kwa namna ambayo hakuna atakayetazama saa, ilhali wasomaji watatu waliopewa kitabu sakristia dakika kumi kabla ya ibada humchosha hata mtakatifu.

Kinachoupa Mkesha uzito wake, hata hivyo, ni ubatizo wa watu wazima, na hapa ndipo tarehe zinapotubana zaidi. Utaratibu wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, uliorekebishwa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano na kutolewa mwaka 1972, unawapitisha wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, katika hatua zilizofungamana na Kwaresima. Dominika ya kwanza ya Kwaresima, ambayo itakuwa tarehe 14 Februari, ndiyo siku ya kuteuliwa, ambapo kwa kawaida Baba Askofu huwapokea na majina yao huandikwa. Dominika ya tatu, ya nne na ya tano, yaani tarehe 28 Februari, 7 Machi na 14 Machi, hufanyika juu yao ibada tatu za kuchunguzwa na kuombewa. Ukihesabu vizuri utaona kwamba mkatekumeni ambaye hadi mwisho wa Januari bado anatafutiwa msimamizi, au ambaye suala lake la ndoa halijafika kwa paroko, atakuwa amechelewa. Makatekista wetu wanalijua hili, na tayari wameanza mazungumzo na kila mmoja kwa wakati wake. Linalobaki ni sisi wengine kuwajua watu hao. Ni aibu kidogo kwamba wakatekumeni hukaa nasi kwa mwaka mzima au zaidi, nasi tunayasikia majina yao kwa mara ya kwanza usiku ule wanapoinamisha vichwa kwenye kisima cha ubatizo.

Liko jambo dogo linalowahusu wasomaji wa Neno, nalo huleta mkanganyiko kila linapotokea. Masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na Majilio yajayo yanafungua Mwaka B, mwaka wa Injili ya Marko. Lakini pale wateule wanapofanyiwa ibada zile tatu, Misa hutumia masomo ya Mwaka A hata kama mwaka ni B: Injili ya mwanamke Msamaria kisimani, ya mtu aliyezaliwa kipofu, na ya kufufuliwa kwa Lazaro, zote kutoka kwa Yohane. Parokia yenye Misa tatu za Dominika inaweza basi kuwa na masomo ya aina mbili kwa siku moja, na msomaji aliyejiandaa kwa bidii nyumbani akajikuta mbele ya ukurasa asioutarajia. Tumekubaliana kwamba orodha ya wasomaji wa Kwaresima itaandikwa pamoja na masomo yenyewe, si jina na saa peke yake.

Kuhusu wasimamizi wa ubatizo, nitasema machache kwa sababu sheria iko wazi ila haisemwi vya kutosha. Kanuni ya 874 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, aishi maisha yanayolingana na imani anayoisimamia, na asiwe baba wala mama wa anayebatizwa. Anatosha mmoja, wa kiume au wa kike, au wawili, mmoja wa kila jinsia. Safu ndefu ya wasimamizi sita waliovaa sare inapendeza katika picha, lakini katika daftari la ubatizo haina mahali. Bora tumpate mmoja atakayemfuata yule mkristo mpya hata Agosti, wakati shangwe zimekwisha na Dominika zimekuwa za kawaida kabisa.

Sasa nirudi huku karibu. Oktoba ni mwezi wa rozari na wa kimisionari, na Dominika ya tarehe 18 itakuwa Siku ya Kimisionari Ulimwenguni, iliyoanzishwa na Papa Pius XI mwaka 1926, miaka mia moja iliyopita. Sadaka ya siku hiyo haibaki parokiani. Huenda kwa Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari na kugawiwa kwa makanisa machanga na yenye uhitaji. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha kimisionari cha watoto, wameomba waongoze maandamano ya vipaji siku hiyo, na sioni sababu ya kuwakatalia. Rozari katika jumuiya inaendelea jioni kama ilivyo kawaida, na hapo sina la kuongeza ila kuomba kwamba ifike pia katika nyumba za wale wasioweza kutoka.

Novemba inaanza kwa namna ya kupendeza, kwa sababu Sherehe ya Watakatifu Wote, tarehe 1, itaangukia Dominika na kuchukua nafasi ya Dominika ya 31 ya Kipindi cha Kawaida. Kesho yake, Jumatatu, ni Kumbukumbu ya Marehemu Wote. Kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 8, mwamini anayezuru makaburi kwa ibada na kuwaombea marehemu, hata kwa moyo tu, anaweza kupata kila siku rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, kwa ajili ya roho za toharani, akitimiza masharti ya kawaida: kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kuikataa dhambi moyoni, hata ile nyepesi. Kwa hiyo kitubio kinahitaji saa za ziada katika wiki hiyo. Mapadre wetu wamekubali kukaa kitubioni kabla ya Misa za asubuhi na jioni, nami nawasihi waamini wasingoje Ijumaa ya tarehe 6 ndipo wapange mstari unaozunguka kanisa.

Tarehe 15 Novemba, Dominika ya 33, ni Siku ya Maskini Ulimwenguni. Papa Fransisko aliitangaza mwishoni mwa Mwaka Mtakatifu wa Huruma ya Mungu, Novemba 2016, na iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2017. Mimi nina wasiwasi na namna tunavyoiadhimisha. Tunakusanya mifuko mbele ya altare, tunawapanga wanaopokea, mtu anapiga picha, kisha tunarudi majumbani tukiwa tumeridhika. Maskini wa parokia si wageni wanaoalikwa siku moja. Wengi wao ni waamini wenzetu wanaokaa mabenchi ya nyuma na kutoka kabla ya matangazo. Pendekezo lililopitishwa na kamati ya huduma za jamii, baada ya majadiliano marefu, ni kwamba mwaka huu kila jumuiya itambue kimyakimya familia zenye shida katika eneo lake na kuzifikia nyumbani, pasipo orodha kusomwa na pasipo picha. Kanisani siku hiyo tutasali na kutoa, basi. Wapo waliosema kwamba waamini wasipoona mifuko ikitolewa watapunguza kutoa. Huenda ni kweli kwa mwaka wa kwanza.

Wiki inayofuata, tarehe 22, ni Sherehe ya Bwana Wetu Yesu Kristo Mfalme wa Ulimwengu, inayofunga mwaka wa liturujia. Maandamano ya Ekaristi yatakuwepo, njia ni ileile, na vijana ndio wenye dhamana ya usalama barabarani. Hilo limekaa sawa.

Majilio yanaanza Dominika ya tarehe 29 Novemba. Kwa kwaya zetu nina ombi, na nalitoa kwa heshima kwa sababu nimekuwa mwanakwaya kwa muda mrefu na najua utamu wa kuimba Noeli kabla ya Noeli. Katika Majilio wimbo wa Utukufu hauimbwi Dominika, vyombo vya muziki na maua ya altareni hutumika kwa kiasi, ili furaha ya kuzaliwa kwa Bwana isije ikaliwa kabla ya siku yake. Utukufu utasikika tarehe 8 Desemba, Jumanne, katika Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, kisha utanyamaza mpaka usiku wa Noeli. Mazoezi ya nyimbo za Noeli yafanyike jioni ukumbini, na kanisani tubaki na nyimbo za kungojea, ambazo kusema kweli tunazo nyingi na nzuri, ila zimelala makabatini kwa sababu tunaziimba Dominika nne tu kwa mwaka na wapiga kinanda wapya hawazijui.

Katika Majilio hayo ndipo inapoangukia kazi ninayoiona kuwa ya maana kuliko zote zilizomo katika ratiba hii, nayo ni kuwapelekea wagonjwa na wazee sakramenti majumbani. Kwa nje inaonekana kazi ya padre peke yake. Anafika, anaungamisha, anatoa Mpako wa Wagonjwa kwa anayestahili, anatoa Komunyo, anaondoka kwenda nyumba nyingine. Lakini ili padre afike kwenye nyumba nane kwa asubuhi moja bila kupotea wala kumkuta mgonjwa amepelekwa kliniki, lazima kuwe na mtu wa jumuiya aliyepita jana yake, akauliza hali, akajua kama mgonjwa anaweza kumeza au anahitaji kipande kidogo cha hostia pamoja na kijiko cha maji, akaambia familia itandike kitambaa cheupe juu ya meza ndogo na kuweka msalaba na mshumaa, na akawaeleza kwamba mgonjwa na anayemhudumia hawafungwi na sharti la kufunga kwa saa moja kabla ya Komunyo. Wapo wagonjwa waliojinyima chai na dawa za asubuhi kwa kutojua hilo tu.

Mwaka jana niliandamana na padre katika ziara moja ya namna hiyo, na nilichokiona kwa mama mmoja mzee ndicho kilichonifanya niwe mkali kuhusu orodha ya wagonjwa na siku zao. Alikuwa amekaa kitini tangu alfajiri, amevaa gauni lake la Dominika, rozari mkononi, na jirani alituambia kwamba amefanya hivyo kwa siku tatu mfululizo kwa sababu aliambiwa padre atakuja “wiki hii”. Padre alikaa naye muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Tangu hapo, nasema wazi, ujumbe wa “wiki hii” haufai. Kila mgonjwa apewe siku na asubuhi au jioni, na mabadiliko yakitokea apelekewe habari na mtu wa jumuiya yake. Walei walioruhusiwa kugawa Komunyo wataendelea kuwafikia wengine kila Dominika baada ya Misa ya kwanza, wakitoka moja kwa moja altareni kwenda kwa mgonjwa, bila kupita sokoni wala kusimama kuzungumza njiani, kwa kuwa wanachokibeba ni Mwili wa Kristo.

Noeli itakuwa Ijumaa. Kwa wanaouliza, Ijumaa inayoangukia sherehe haina wajibu wa kujinyima nyama, hivyo kila mtu asherehekee kwa amani. Misale ina Misa nne tofauti za Noeli: ya mkesha, ya usiku, ya alfajiri na ya mchana, kila moja na sala na masomo yake, na si sahihi kuchukua masomo ya moja na sala za nyingine kwa sababu tu kitabu kilifunguka hapo. Dominika ya tarehe 27 ni Sikukuu ya Familia Takatifu, na wanandoa wanaoadhimisha miaka 25 na 50 ya ndoa watabarikiwa katika Misa ya pili. Waandikishe majina ofisini, na tafadhali walete na cheti cha ndoa, kwa maana kumbukumbu za watu na kumbukumbu za vitabu hutofautiana mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Hilo linanipeleka kwenye vitabu vyenyewe. Kanuni ya 535 inaitaka kila parokia iwe na vitabu vyake vya wabatizwa, vya ndoa na vya marehemu, na vitunzwe kwa uangalifu. Ukilifungua daftari la ubatizo utaona safu za jina, siku ya kuzaliwa, siku na mahali pa ubatizo, wazazi, wasimamizi na mhudumu. Na pembeni kuna nafasi ambayo watu wengi hawajui kazi yake. Hapo ndipo panapoandikwa Kipaimara cha mtu huyo, ndoa yake, daraja takatifu au nadhiri za daima. Maisha yote ya mkristo mbele ya Kanisa yanarudi kwenye mstari mmoja wa parokia alikobatizwa, hata kama aliondoka akiwa mtoto wa miezi sita. Ndiyo sababu wanaotaka kufunga ndoa huombwa cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, si kile kilichofifia ambacho mama alikihifadhi katika sanduku. Cha zamani kinathibitisha ubatizo, lakini hakisemi kilichotokea baadaye.

Wachumba wanaotarajia kufunga ndoa baada ya Pasaka wanapaswa kufika kwa paroko kabla ya Noeli. Kuna mahojiano, kuna mafundisho, kuna matangazo ya ndoa, na pengine kuna cheti kinachongojwa kutoka parokia ya mbali ambako katibu wa ofisi huenda ana foleni ya maombi kama hayo. Wengi huanza na ukumbi, wakalipa na kuchapisha kadi, ndipo wanakwenda kwa paroko na tarehe mkononi. Semina ya wachumba itakuwa Januari, katika zile Dominika nne nilizozitaja, na ndiyo semina pekee tuliyoiruhusu katika kipindi hicho.

Katika kipindi hichohicho, tarehe 24 Januari, ni Dominika ya Neno la Mungu, iliyowekwa na Papa Fransisko kwa barua yake Aperuit Illis ya tarehe 30 Septemba 2019. Siku hiyo wasomaji watabarikiwa na jumuiya zitaanza kusoma Injili ya Marko pamoja, sura moja kwa wiki. Marko ana sura 16, kwa hiyo hesabu inatufikisha katikati ya Mei, karibu na Pentekoste, ambayo itakuwa tarehe 16. Hakuna mtihani wala mashindano. Kulikuwa na pendekezo la mashindano ya maswali ya Biblia baina ya jumuiya, nami nilikuwa miongoni mwa waliolipinga, kwa kuwa yaliyopita yalituachia kikombe kimoja na ugomvi wa miezi miwili.

Taarifa ya fedha itasomwa Dominika ya tarehe 31 Januari. Kamati ya fedha ni ya lazima kwa kila parokia kwa mujibu wa kanuni ya 537, na waamini wana haki ya kuelezwa namna walichokitoa kilivyotumika. Naomba wasomaji wa taarifa hiyo wakumbuke jambo moja: kilichotolewa kwa kusudi maalumu hakiwezi kutumika kwa kusudi jingine. Kilichochangwa kwa paa ni cha paa. Halmashauri ya parokia kwa upande wake ni ya kushauri, na uamuzi ni wa paroko. Lakini ushauri unaotolewa na watu wenye takwimu mkononi huwa na nguvu kuliko manung’uniko ya nje ya kanisa baada ya Misa.

Kisha Majivu. Matawi yaliyobarikiwa tarehe 29 Machi 2026 ndiyo yatakayochomwa, na kwa desturi tunayakumbuka Jumatatu iliyotangulia, yakiwa yamefungwa nyuma ya msalaba sebuleni au yameshaliwa na mende. Yaletwe kanisani si baada ya Dominika ya tarehe 31 Januari. Msakristia huyachoma nje katika chombo cha bati, huyaacha yapoe usiku kucha, kisha huyachekecha mara mbili kwa kitambaa laini, kwa sababu vipande vya ukuti visivyoungua vizuri hukwaruza paji la uso. Ni kazi ya siku mbili, na anaifanya peke yake. Akipata vijana wawili wa kumsaidia hatakataa.

Siku moja tu baada ya Jumatano ya Majivu, Alhamisi tarehe 11 Februari, ni Siku ya Wagonjwa Ulimwenguni, iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Wagonjwa wanaoweza kuletwa kanisani wataletwa siku hiyo, si Jumatano, na majivu watapelekewa nyumbani wanaoyataka. Kuwaleta siku mbili mfululizo ni kuwaongezea ugonjwa.

Mambo ya Kwaresima yenyewe yanajulikana: Njia ya Msalaba kila Ijumaa, mafungo ya parokia katika juma la nne, kitubio cha pamoja chenye maungamo ya mmoja mmoja kabla ya Dominika ya Matawi. Nitaje mawili ambayo kalenda imeyaleta mwaka huu. Tarehe 19 Machi, Sherehe ya Mtakatifu Yosefu, ni Ijumaa, kwa hiyo siku hiyo hakuna wajibu wa kujinyima nyama, na chama cha wanaume kinaweza kusherehekea somo wake bila dhamiri kusumbuka. Pili, tarehe 25 Machi, ambayo kwa kawaida ni Sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria, itakuwa Alhamisi Kuu, na hivyo sherehe hiyo itahamishiwa Jumatatu tarehe 5 Aprili, baada ya Oktava ya Pasaka, yaani siku nane za kwanza za Pasaka. Chama cha wanawake kilikuwa kimeshapanga hija kwa tarehe 25. Viongozi wao wameelezwa, na hija imesogezwa bila manung’uniko. Sadaka ya Ijumaa Kuu, kama kila mwaka, ni kwa ajili ya Nchi Takatifu.

Yaliyoondolewa katika ratiba ni haya: bonanza la jumuiya, mashindano ya kwaya, semina mbili zilizokuwa zimepangwa Februari, na mkutano mkuu wa waamini, ambao umesogezwa hadi baada ya Pentekoste. Mashindano ya kwaya ndiyo yaliyozua malalamiko mengi zaidi, na nayaelewa, kwa sababu kwaya mbili zilikuwa zimeshanunua vitambaa vya sare.

Halmashauri inakutana tena wiki ijayo, na bado kuna suala moja ambalo hatujaafikiana, nalo ni saa ya Misa ya usiku wa Noeli. Wazee wanataka saa tatu, vijana wanataka saa sita kamili, na Baba Paroko amesema atasikiliza jumuiya kwanza. Wenyeviti wa jumuiya walete maoni kwa maandishi, na katika karatasi hiyohiyo waandike majina ya wagonjwa wao, eneo wanalokaa, na mtu atakayempokea padre mlangoni.